Mlango Uliobebwa na Watani

Mwaka aliofariki mke wangu nilikuwa nimekwisha kustaafu, na nilikuwa sijui kukaa. Nasema kukaa kwa maana yake ya kawaida, yaani kuuweka mwili kitini na kuuacha hapo. Nikikaa barazani, nilisimama. Nikiingia ndani, nilitoka. Ua niliokuwa nimeufagia asubuhi niliufagia tena kabla ya adhuhuri, na alasiri nilisimama katikati yake, ufagio mkononi, nikitafuta jani lililonikwepa. Kisha nilivaa koti, nikachukua fimbo, nikatembea kutoka Temeke hadi Chang'ombe, kutoka Chang'ombe hadi Keko, na kama miguu haijalalamika, hadi Kurasini. Sikuwa na mtu wa kumwona huko. Nilipofika niligeuka.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama chini ya Waingereza, nikihamishwa kutoka boma moja hadi jingine. Kazi hiyo ilinifunza jambo ambalo sijaliacha hata leo: maneno ya kusikia si ushahidi. Shahidi akianza kusema, "Nilisikia kwamba," hakimu aliinua kalamu yake juu ya karatasi, nami nilinyamaza. Nyumbani nilikuwa vivyo hivyo. Mke wangu akinieleza kwamba fulani kaachwa, nilimwuliza kama ameiona talaka. Alicheka. "Bwana we, hapa si kortini. Hapa ni jikoni, na jikoni hujaingia tangu unioe." Hilo lilikuwa kweli, na sikuona haja ya kulijibu. Mtu wa umri wangu na elimu yangu hakutarajiwa kujua chumvi huwekwa wapi.

Temeke ya siku zile ilikuwa viwanja vipya vilivyopimwa kwa kamba katikati ya mikorosho, na nyumba za udongo ambazo nusu zilikuwa na bati na nusu zikingali na makuti. Tulijenga huko nilipokaribia kustaafu. Mbao za mlango wa mbele niliziagiza kutoka Tabora kwa treni, mninga mtupu, kwa kuwa sikuziamini mbao laini zilizouzwa mjini. Siku fundi alipoutundika, majirani walisimama nje kuutazama, na mmoja wao akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba Mnyamwezi hata akihamia pwani lazima aje na mzigo.

Aliyesema hivyo alikuwa mama mmoja wa Kizaramo, mjane, muuza vitumbua, ambaye ua wake ulipakana na wetu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Inasemekana jambo hilo lilianza zamani, wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Sikuwapo, kwa hiyo siapi. Ninachokijua kwa macho yangu ni namna utani unavyofanya kazi. Mtani hukutukana mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye huja mbio, husaidia kuchimba kaburi na kuteka maji, na katikati ya kilio hukucheka. Akitaka, hukamata kitu chako na kukaa nacho mpaka ukikomboe. Mke wangu alimpenda mama huyo na walitukanana kila asubuhi kwa furaha. Mimi nilinunua vitumbua, nikashukuru, nikaenda zangu. Niliuhesabu utani kuwa starehe ya watu wasio na kazi.

Siku ya maziko mama huyo alikuja akiwa amevaa koti kuukuu la kiume juu ya kaniki, akapita mbele ya waombolezaji akiniiga mimi, ameinua kidevu, huku akikagua nguzo za nyumba kana kwamba amezikuta na hatia. Watu walinitazama, wakamtazama, na vilio vikachanganyika na vicheko. Niligeuza uso.

Baada ya matanga majirani walianza kusema. Walisema marehemu huonekana uani alfajiri akipepeta mchele. Walisema nimekwisha kuposa binti wa Kigamboni. Walisema mikono yangu inatetemeka, na kwamba nikitembea huongea na wakili asiyeonekana. Sikuyajibu, maana ukijibu uvumi umeufungulia shauri. Lakini uvumi hupanda treni kama watu wengine. Asubuhi moja nilipotoka na ufagio nilimkuta mdogo wangu wa tumbo moja amesimama mlangoni na kikapu, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kuwaita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Tumesikia umerukwa na akili."

"Mmesikia kwa nani?"

"Kwa mtu wa reli. Naye aliambiwa na shemeji yake."

"Huyo shemeji aliniona?"

"Hapana. Alihadithiwa."

"Basi umeacha ng'ombe wako na kuja hadi pwani kwa maneno ya mtu ambaye hakuona kitu."

Alikuwa akitazama miguu yangu. Viatu vyangu vilikuwa vimepasuka ubavuni na soli ya kulia nilikuwa nimeifunga kwa uzi wa katani. "Hayo ya shemeji nimeyaacha," alisema. "Viatu hivi naviona mwenyewe."

Aliingia ndani, akapita hadi ukumbi wa nyuma, akafungua jiko. Kati ya figa na figa buibui alikuwa ametandaza utando wake, imara, usio na tundu.

"Unakula nini, kaka?"

"Ninakula."

"Nimeuliza nini."

Nilikula vitumbua na chai ya hotelini. Wakati mwingine muhogo wa kuchoma barabarani. Wakati mwingine nilisahau. Nilimweleza hivyo, kwa kuwa sijawahi kudanganya nikiulizwa swali lililo wazi. Alifunga mlango wa jiko taratibu, kama mtu anayefunika maiti, akaniambia tunarudi Tabora pamoja. Nyumba atapangishwa mfanyakazi mmoja wa bandarini. Kule kwetu kuna kiti, kuna kivuli, kuna wake za ndugu wa kupika. Treni ilikuwa mwisho wa juma.

Nilikubali. Naandika hili bila kulipamba: nilikubali kwa sababu sikuwa na hoja. Nilikijua kiti alichokitaja. Nilikuwa nimewaona wazee waliokalia viti vya namna hiyo, wakiletewa sahani na kuondolewa sahani, wakiulizwa hali zao na watu wasiosubiri jibu. Ningekaa pale na ile hali ya kutotulia ndani yangu, bila hata barabara ya Chang'ombe ya kuitembeza. Lakini kubaki Temeke kulihitaji mtu anayeweza kuishi peke yake, na ushahidi ulionihusu ulikuwa utando wa buibui. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuchukua maneno ya mtu huyu na kumfikishia yule. Nyumba ilibebwa na mke wangu. Sasa sote wawili tulikuwa tumeweka mizigo chini, na mimi sikujua mikono hufanya nini ikiwa mitupu.

Siku moja kabla ya safari nilitoka kwenda Chang'ombe kama kawaida. Nilikuwa nikirudi, jua limekwisha kupanda, nilipoona mlango unakuja barabarani.

Ulikuwa umelala juu ya vichwa vya wanawake wanne, nao walikuwa wakitembea kwa mwendo wa pole wa wapagazi, wakiitikiana. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kuna fundi aliyeiga mlango wangu. Nilisogea kando ya njia kuukagua. Kitasa kilikuwa kile kile. Mkwaruzo wa pasi ya mkaa iliyomponyoka mke wangu ulikuwa mahali pake. Mbele kabisa, chini ya kona ya kulia, alikuwapo muuza vitumbua, jasho likimtiririka.

"Habari za matembezi, Bwana Karani?"

"Mnaupeleka wapi mlango huo?"

"Tabora! Si ndiko unakohamia? Babu zako walijitwika pembe mpaka pwani, leo sie Wazaramo tumeona haya. Tunaurudisha mzigo."

"Mtani, huo ni mlango wa nyumba yangu."

"Una ushahidi," aliuliza, "au umesikia tu?"

Wale wenzake walicheka mpaka mlango ukayumba. Watu walitoka vibarazani. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, akapiga kelele, "Shusheni mzigo, wapagazi, mpumzike!" Nilisimama katikati ya barabara ya mchanga na fimbo yangu.

Nilipofika nyumbani mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye tundu la mlango, mikono imeshika miimo pande mbili. Alikuwa sokoni walipokuja. Mpangaji naye alikuwa amepita, akaona nyumba haina mlango, akasema atarudi itakapokuwa nao.

"Twende polisi," alisema mdogo wangu.

"Kusema nini?"

"Kwamba tumeibiwa!"

"Kwa jua hili, na wanawake wanne, huku wanaimba? Hakimu atauliza kama ni watani. Nitasema ndiyo. Atauliza kama nimefiwa. Nitasema ndiyo. Shauri limekwisha."

"Utani ni wa wakati wa msiba, kaka. Matanga yameanuliwa zamani."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na nilimsifu. Tuliipeleka uani kwa jirani. Mlango wangu ulikuwa umelazwa juu ya matofali, wale wanawake wamekaa juu yake kama juu ya benchi, wakimenya mihogo. Mdogo wangu aliitoa hoja yake kwa adabu: msiba umekwisha, kwa hiyo haki ya mtani ya kukamata mali imekwisha.

Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. "Msiba umekwisha kwetu," alisema. "Umekwisha kwako pia, baba, unakula vizuri, tunaliona tumbo. Lakini huyu? Mtazame. Nani kamwanulia matanga huyu? Marehemu alizikwa, huyu akawa anazurura na sanda."

"Ni koti," nilisema.

"Umelisikia jua la leo? Ni sanda."

Mdogo wangu alinitazama. Hata yeye sasa alikuwa akilitazama koti. Nilijua, kama anavyojua mtu aliyekaa mahakamani miaka mingi, kwamba shauri limetuelemea.

Nilitoa pochi. Aliusukuma mkono wangu.

"Hela zako mpe unayemtaka. Mie nataka wali wa nazi. Nazi uikune mwenyewe, barazani kwako, watu wakiona. Upike, tule. Mfu hawezi kulipa utani. Nikila wali wako nitajua ninayemrudishia mlango ni mtu, halafu mtu huyo aende anakotaka, Tabora, Ulaya, shauri yake."

Mdogo wangu alisema jambo kama hilo haliwezekani. Mkubwa wa nyumba yetu hawezi kukaa juu ya mbuzi mbele za watu. Mimi nilikuwa nikijaribu kukumbuka mbuzi yetu iko wapi.

Niliikuta nyuma ya pipa la maji: kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno. Niliitoa barazani, mbele ya lile tundu. Habari ilikuwa imetangulia. Watu walikuwa wamejipanga upande wa pili wa njia kama siku ya ngoma. Nikaketi. Kwanza niliketi kinyume, ulimi ukiwa nyuma yangu, nao wakafurahi mno.

"Huyo! Mnyamwezi kapanda mbuzi anaelekea Ulaya!"

"Geuka, Bwana Karani, nyumbani kwenu ni kule!"

Niligeuka. Nilishika nusu ya nazi kwa mikono miwili na kuisukuma kwenye meno kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Ikateleza, nikakwaruza fundo la kidole. Damu ikatoka. Jirani yangu alikuwa amesimama karibu, mikono kiunoni. "Usisukume. Zungusha. Nazi si mshtakiwa."

Nilizungusha. Nazi nyeupe ikaanza kuanguka kwenye ungo. Hapo nikafanya kosa analolifanya mtu wa bara: kwa kuwa nilifunzwa kumaliza kazi, nilikuna hadi nikafika kwenye kifuu, na chembe za kahawia zikaingia katika ile nazi nyeupe. Wanawake wote wakapiga yowe.

"Kaua! Kaua tui!"

"Kakuna mpaka kaburini!"

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, ndani ya giza la ukumbi. Alikuja akainama sikioni mwangu. "Kaka, inuka. Unatutia aibu. Nitawanunulia mchele gunia zima. Nitawanunulia mlango mwingine. Inuka tuondoke."

Nilijua kwamba nikiinuka nitakuwa nimeinuka moja kwa moja hadi Tabora. Nilijua pia kwamba wale watu wananicheka kweli, si kwa mchezo tu, na kwamba baadhi yao walikuwa wakiisubiri siku hii tangu nilipohamia. Mikono yangu ilikuwa imelowa nazi na damu. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nimekaa. Sijui ni kwa muda gani, lakini nilikuwa nimekaa mahali pamoja na mwili wangu haukuwa umeniomba kusimama.

"Niache nimalize," nilimwambia.

"Kaka."

"Nusu ya pili bado. Hii nitaiachia mapema."

Nusu ya pili ilitoka nyeupe zaidi. Sikusifiwa. Nilipelekwa jikoni mwangu mwenyewe kama mgeni, nikavunja ule utando kwa mkono, nikawasha moto uliotoa moshi zaidi ya ndimi. Yule mama alikaa kizingitini na kutoa amri, lakini hakugusa kitu hata kimoja. Nilikamua tui la kwanza kwa kifumbu, ule mfuko wa ukindu, nikaliweka kando. Nikaongeza maji, nikakamua la pili. La pili likaanza kuchemka na mchele, la kwanza likaja mwisho. Sikujua kwamba lina mpangilio. Nilikuwa nimekula wali huo maisha yangu yote ya ndoa na kuudhania ni kitu kimoja.

"Alikuwa akikuna kila siku?" niliuliza.

"Nani, mkeo? Kila siku ya Mungu. Akikutukana."

"Akisema nini?"

"Wee si hupokei maneno ya kusikia?" Kisha akaona uso wangu, akalegeza sauti. "Alisema una shukrani, ila umeificha mahali, hata wewe mwenyewe hukumbuki wapi. Chochea moto, unazimika."

Nilichochea. Maneno hayo yalikuwa ya kusikia, na kwa kanuni zangu ningepaswa kuyakataa. Sijayakataa.

Wali uliungua chini na juu ulikuwa na rangi ya maji ya mto. Tulikula ukumbini, watani wanne na ndugu wawili, mwanga ukiingia kwa wingi mahali ambapo mlango haukuwapo. Walisema chumvi imepotea njia. Walisema mtu akiupika wali huu Uzaramoni huachwa. Walikula wote, wakakwangua sufuria. Mdogo wangu alichukua ukoko, akautafuna polepole huku akinitazama.

"Utakula hivi kila siku?" aliuliza hatimaye.

"Nitakula hivi mpaka nijue."

"Na huna mtu."

"Sina."

"Na utazurura."

"Nitazurura. Tabora pia ningezurura, ila ingekuwa kitini."

Aliweka ukoko chini. Nilimwona akitafuta kosa katika maneno hayo, na alikuwa hodari wa kutafuta makosa tangu utoto. Kisha yule mama akanawa mikono, akasimama, akatangaza kwamba deni la mtani limelipwa na mlango unaweza kuchukuliwa.

"Uleteni," alisema mdogo wangu.

"Tuulete sie? Ng'o! Sie tumebeba mara moja, shingo zinauma. Hapa kuna Wanyamwezi wawili wazima, nao wameshiba."

Tuliubeba wenyewe. Yeye mbele, mimi nyuma, kwa kuwa alikuwa na nguvu zaidi na mimi nilikuwa mkaidi zaidi. Ni njia fupi kutoka ua wake kuzunguka hadi mbele ya nyumba yangu, lakini walituzungusha kwa njia ndefu, wakipiga vigelegele, na mtu alitoka na debe akalipiga kama ngoma ya msafara. Mninga ni mti mzito. Katikati ya njia bega la mdogo wangu lilianza kutikisika, nikadhani anaumia, nikamwambia tushushe. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi ikabidi tuuegemeze ukutani kwa watu, naye akapangusa macho kwa kiganja. "Kaka," alisema, "babu akituona." Sikumkumbusha kwamba hatukumjua babu.

Alikaa siku chache zaidi ili, kwa maneno yake, athibitishe. Nilipika vibaya, kisha vibaya kidogo. Mpangaji alirudi, akakuta nyumba ina mlango na ina mtu.

Nilimsindikiza mdogo wangu stesheni asubuhi. Behewani alichukua kiti cha dirishani, akatoa kichwa nje. Alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyetumwa kuleta kitu naye anarudi bila hicho.

"Watanikalia kikao. Niwaambie nini?"

"Waambie ulichokiona."

"Nimeona mkubwa wetu anakuna nazi mbele ya Wazaramo."

"Waambie hivyo."

"Hawataniamini, kaka."

"Basi waje wenyewe."

Treni iliondoka. Sitasema kwamba tangu siku ile nilitulia, maana si kweli; hata sasa nikiandika nimeinuka mara nyingi, nikaenda dirishani, nikarudi. Yule mama aliendelea kunitukana, nami, kwa kiasi yalichoniruhusu malezi yangu, nilianza kujibu. Kwamba nilikuwa na nguvu ya kuiishi miaka iliyobaki sikuambiwa na mtu, wala nisingemwamini. Nililiona jambo hilo likitokea, kazi baada ya kazi, na nyingi zilikuwa mbovu.

Asubuhi ile, nikirudi nyumbani kutoka stesheni, sikupitia Kurasini. Nilikata njia kupitia Keko, nikitembea haraka kuliko umri wangu, kwa kuwa nilikuwa nimeloweka kunde tangu jana yake, na kunde zikikaa mno majini huchacha.